Mpira wa Usukani Ukipasuka Siku ya Kulima

Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha siku mbili mfululizo, na udongo wa upande wetu wa Babati ulikuwa umelowa kama jembe linavyopenda. Siku kama hizo mwenye trekta hana usingizi. Watu humbishia hodi kabla ya jogoo; huyu ana ekari mbili, yule ana tatu, na mjane mmoja alikuwa amekwisha kulipa fedha zake tangu wakati wa kuuza mbaazi ili asiachwe nyuma. Basi, saa nne asubuhi, trekta la jirani yangu, Massey Ferguson 165 la zamani, lilipokuwa likigeuka mwisho wa shamba, likatoa sauti kama ya nyoka aliyekanyagwa. Papo hapo usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na mafuta yakaanza kutiririka juu ya ekseli ya mbele.

Dereva alifanya jambo moja la akili: alizima injini mara moja. Wengi hawafanyi hivyo. Husema, “Nimalizie mistari hii miwili tu,” na kumbe pampu inazunguka bila mafuta, chuma kwa chuma, na baada ya dakika chache hasara ya mpira mmoja imekuwa hasara ya pampu nzima.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alitazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema pampu imekufa, mipira yote imekwisha, na vitu vyote sharti viagizwe pamoja. Bei aliyoitaja ilikaribia bei ya ng'ombe wawili, na kungoja kwake majuma mawili. Jirani yangu hakumjibu vibaya; alimpa chai, akamshukuru. Alipokwisha kwenda zake, mzee alichukua ndoo ya maji, sabuni na brashi, akaosha ubavu wote wa injini mpaka chuma kikaonekana. Alipoona palipopasuka, alicheka peke yake. Ulikuwa mpira mmoja tu, tena umekatika mahali uliposugua ukingo wa bati kwa miaka mingi. Mwisho wa yote alilipa chini ya bei ya mbuzi mmoja, nauli ya basi ikiwemo. Nimeona yafaa niwaeleze alivyofanya, maana vijijini mwetu matrekta ya umri ule ni mengi, na kila mwaka mvua zinapoanza habari ni ile ile.

NGUVU YA USUKANI HUTOKA WAPI

Usukani unaosaidiwa na mafuta, ambao mafundi huuita pawa stelingi, si kitu cha jana. Mhandisi mmoja Mmarekani, Francis W. Davis, aliutengeneza na kuuonyesha katika gari mwaka 1926. Ilipita robo karne kabla ya magari ya kununuliwa na watu kuwa nao, mwaka 1951. Kwenye matrekta ulikaribishwa kwa furaha zaidi, kwa kuwa anayejua taabu ya kugeuza magurudumu ya mbele katika tope, huku mzigo umelala juu ya ekseli, ni mkulima.

Kazi yake si ya uchawi. Injini inazungusha pampu ndogo. Pampu inavuta mafuta katika tangi lake na kuyasukuma kwa nguvu kupitia mpira mpaka kwenye vali ya usukani. Dereva akigeuza kulia, vali inafungua njia upande mmoja wa silinda, mafuta yanausukuma mtondoo ulio ndani, nao unavuta fimbo za magurudumu. Mafuta yaliyokuwa upande wa pili yanarudi tangini kwa mpira mwingine. Basi kuna mipira ya namna mbili, na mwenye trekta asipoijua tofauti yake atatupa fedha au ataumia. Mpira wa kwenda unabeba nguvu yote ya pampu: katika matrekta mengi ya zamani ni kati ya paundi 1,000 na 2,000 kwa kila inchi ya mraba, yaani kama bar 70 hadi 140. Gurudumu la trekta, mkalifananishe, mara nyingi halipati hata paundi 40. Mpira wa kurudi hauna nguvu kubwa. Mafuta hupita mle kwa utulivu tu kwenda nyumbani.

Matrekta ya MF 165 yalitoka katika kiwanda cha Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1964 hadi 1975 hivi. Hata lile la mwisho kabisa lina umri wa nusu karne. Chuma chake huenda bado ni kizima, maana walijua kuyeyusha chuma, lakini mpira ni mpira. Joto la injini linaukausha, jua linaupasua, mtikisiko unausugua, na chini ya ngozi yake zile nyaya za chuma zinaliwa na kutu bila mtu kuona. Ukiukunja kidogo ukaona nyufa kama za kisigino wakati wa kiangazi, usingoje mvua.

Neno moja kwa wenye matrekta ya baadaye kidogo. Lile la jirani yangu lina fimbo za chuma toka usukani mpaka magurudumu, hivyo mafuta yakimwagika bado laweza kugeuzwa, ingawa kwa jasho. Kuna mengine ambayo hayana fimbo hizo kabisa. Usukani na magurudumu yameunganishwa kwa mafuta peke yake. Hayo mafuta yakiisha, dereva ameshika duara la plastiki tu. Trekta la namna hiyo lisiendeshwe barabarani na mpira unaovuja, hata kama ni umbali wa kwenda dukani.

KITUNDU CHA SINDANO

Kabla sijafika kwenye spana, nina jambo ambalo naomba baba na mama walisome kwa sauti mbele ya vijana wao wanaopenda injini.

Miaka michache iliyopita, ng'ambo ya mto wetu, kijana mmoja aliona ukungu mwembamba wa mafuta ukitoka kwenye mpira wa trekta huku injini ikinguruma. Alitaka kujua unatoka wapi hasa. Akapitisha mkono juu ya mpira, kama mtu anayepapasa mahali penye upepo. Akahisi kama ameumwa na nyuki kwenye kidole cha shahada. Alipotazama aliona alama ndogo kama ya mwiba, wala damu haikutoka. Alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa kidonda chenyewe kilikuwa hakionekani. Usiku mkono ulivimba, ukawa mweupe na wa baridi, naye akalia kama mtoto. Mama yake hakungoja kupambazuke. Aliamsha mwenye pikipiki, wakaenda hospitali. Daktari wa upasuaji aliufungua mkono kuanzia kidole mpaka kiganja, akaosha mafuta yaliyokuwa yameenea ndani ya nyama. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunji mpaka leo.

Mafuta yanayotoka kwenye kitundu cha sindano kwa nguvu ya pampu hupenya ngozi, hata kupitia glavu. Paundi 100 tu kwa inchi ya mraba zaweza kutosha, na usukani una mara kumi ya hizo au zaidi. Madaktari wameijua ajali hii tangu mwaka 1937, ilipoandikwa habari ya mtu aliyepenywa na mafuta ya injini ya dizeli. Kinachodanganya ni udogo wa kidonda. Basi akipenywa mtu, hata kama anacheka, apelekwe hospitali yenye upasuaji saa ile ile, na aseme kwa kinywa chake: “Nimepenywa na mafuta ya mashine kwa nguvu.” Asiseme amechomwa na kitu.

Kutafuta mvujo kuna njia yake. Osha kwanza, kausha, kisha washa injini kwa mwendo mdogo, na kipande cha boksi la karatasi ngumu, kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo, kipitishwe karibu na mpira. Boksi likilowa, umepata. Mkono ubaki mfukoni.

KUUFUNGUA

Jirani yangu aliliweka trekta mahali tambarare, akashusha jembe mpaka chini, akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akazima injini. Kisha akauzungusha usukani kulia na kushoto mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ili nguvu iliyobaki ndani itoke. Akafunga uzi mwekundu kwenye mpira wa kwenda na uzi mweupe kwenye wa kurudi. Chini aliweka beseni. Katika kufungua nati alitumia spana mbili: moja inashika kiungo cha chuma kilichofungwa kwenye pampu, nyingine inageuza nati ya mpira. Mwenye spana moja huisokota pampu yote, na hapo ndipo vitu vizima huvunjika. Palipobaki wazi alipaziba kwa vifuniko vya chupa na nailoni safi, si kwa matambara yanayotoa nyuzi. Punje moja ya mchanga ikiingia, itaisaga pampu polepole.

Halafu alifanya jambo ambalo sikumwona fundi yeyote akilifanya: alikifungua na kile kiungo cha chuma pia, akakifunga katika kitambaa pamoja na mpira mzee. Kwa nini, mtaona sasa hivi.

SAFARI YA MAMA KWENDA MJINI

Mzee asingeweza kuliacha trekta shambani, basi aliyekwenda Arusha ni mkewe. Alipanda basi la alfajiri, mpira mzee ukiwa katika kikapu umefungwa kwa gazeti, na katika daftari la mtoto ameandika aliyoelezwa. Siku hizi katika miji mingi yapo maduka yenye mashine ya kubana mipira ya haidroliki. Mtu huleta mpira wake wa zamani, naye fundi hukata mpya kwa urefu ule ule, huweka ncha mbili za chuma, huzibana, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Bei huhesabiwa kwa vitu vitatu: mpira kwa mita, ncha mbili, na ufundi wa kubana. Mwulize kila kimoja peke yake. Ukitajiwa bei moja ya jumla hujui unalipia nini.

Kijana wa dukani aliutazama mpira kwa nje akasema, “Mama, huo ni wa nusu inchi.”

“Mwanangu, mimi si fundi,” akajibu mama, “lakini nimeambiwa mpira haupimwi kwa nje. Nipimie tundu.”

Ndivyo ilivyo. Ukubwa wa mpira ni ule wa tundu la ndani, na mipira miwili yenye unene mmoja kwa nje yaweza kuwa na matundu tofauti. Nyumbani hupimwa kwa keekee: chukua mpini wa keekee unaoingia bila kulegea, usome namba yake. Kijana alipima, akakuta 3/8. Mpira wa nusu inchi ungekuwa ghali zaidi bure, wala ncha zake zisingelingana.

Pili ni nguvu ya mpira. Ubavuni mwa mpira mwema kuna maandishi, nayo si mapambo. Ukiona R1, au 1SN, maana yake una tabaka moja la nyaya za chuma zilizosukwa. R2 au 2SN una matabaka mawili. Mpira wa inchi 3/8 wenye tabaka moja hubeba bar 180, kama paundi 2,600, siku zote za kazi yake. Wenye mawili hubeba bar 330, kama paundi 4,800. Sasa tazama tena nguvu ya usukani niliyoitaja juu. Kwa trekta la zamani ambalo kitabu chake kinasema chini ya paundi 2,000, mpira wa tabaka moja unatosha, ni wa bei ndogo, na hukunjika kwa urahisi zaidi katika kona za injini. Wauzaji wengi watakupa wa matabaka mawili kwa kuwa ndio walio nao. Si kosa kuununua, mradi unajua kwamba hukuwa na lazima. Ila jihadhari na muuzaji anayetaja nguvu ya kupasuka badala ya nguvu ya kazi. Mpira hutengenezwa upasuke kwa mara nne ya nguvu ya kazi. Basi akisema “huu ni wa paundi elfu nne” naye anasema habari za kupasuka, kazi yake ni elfu moja tu.

Tatu ni hesi, yaani zile nyuzi za nati. Hapa ndipo watu wengi wanarudi nyumbani na mpira usiofunga. Matrekta ya Uingereza mara nyingi yana hesi iitwayo BSP. Yenye asili ya Marekani huwa na nyingine, kama JIC au NPT. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Hesi ya BSP ya 3/8 ina nyuzi 19 kwa inchi. Ile ya NPT ya 3/8 ina 18. Ukizifunga pamoja huingia mzunguko mmoja au miwili kwa ulaini, halafu hukaza. Asiyejua hudhani imefika, huongeza spana ndefu, hukata nyuzi zote mbili, na trekta likifanya kazi nati huruka. Tena, hata hesi zikilingana, kuna uso wa ndani unaokutana: JIC una pembe ya digrii 37, na BSP una koni ya digrii 60. Hazizibani.

Kijana alileta ncha ya kwanza. Mama akatoa kile kiungo cha chuma kutoka kikapuni, akakiweka juu ya meza. “Funga hapa kwa mkono kwanza, bila spana.” Ikaingia mizunguko miwili, ikasimama. Kijana akacheka, akaleta kipimo cha hesi, kile chenye meno kama kitana, akahesabu: kumi na tisa. Akachukua ncha nyingine, nayo ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. Ndiyo sababu mzee alikifungua kiungo. Kama kisingekuwapo, mama angefunga safari ya pili.

Urefu walichukua ule ule wa zamani na kuongeza sentimita tatu. Mpira ukipata nguvu hubadilika urefu. Waweza kufupika kwa sehemu 4 katika 100. Ukiukata mfupi kama kamba ya upinde, kila ukigeuza usukani unavuta ncha zake mpaka zichomoke. Mama aliomba pia mpira upulizwe ndani kwa hewa, maana msumeno huacha unga wa mpira na chuma, na ncha zifungwe kwa nailoni. Akanunua mipira midogo ya duara ya kuzibia, oringi, ambayo bei yake ni ndogo hata haifai kuhesabiwa, na ambayo kila mtu huisahau.

PALE UNAPOWEZA KUOKOA FEDHA, NA PALE USIPOWEZA

Si kila trekta lina mpira toka mwanzo hadi mwisho. Mengi yana bomba la chuma lililopindwa kufuata ubavu wa injini, na mpira mfupi mwishoni. Bomba hilo hutoboka kwa kutu, hasa chini ya kibano ambapo matope hukaa. Bomba jipya lenye mikunjo ile ile huagizwa mbali na bei yake huumiza. Lakini mara nyingi ncha zake ni nzima. Kilichooza ni katikati. Hapo bomba hukatwa pande zote mbili kwenye chuma kizima, ncha za zamani zikaunganishwa na viungo vipya kwa kulehemu shaba, na katikati ukawekwa mpira wa haidroliki uliobanwa. Kazi hiyo ni halali na hudumu. Sharti alehemu mtu anayeijua shaba; bati la kuunganishia sufuria halifai, litaachia. Kuna pia viungo vya kubana bomba bila moto, vyenye pete inayouma chuma. Ni vizuri, ila bomba liwe la duara safi lisilo na kutu.

Mpira wa kurudi waweza kuwa wa bei nafuu, wenye nyuzi za kitambaa badala ya waya, na hata kufungwa kwa kibano cha skrubu. Lakini uwe mpira unaostahimili mafuta. Mpira wa kumwagilia bustani utavimba na kulainika kama mkate katika chai, na vipande vyake vitaziba vali.

Upande wa nguvu hakuna njia ya mkato. Nimeona watu wakikata mpira mahali ulipopasuka, wakaingiza kipande cha bomba katikati, wakakaza kwa vibano viwili na waya wa uzio. Huo hauendi mzunguko mmoja wa shamba, na ukichomoka utamwagia mafuta ya moto aliye karibu. Bomba la shaba, la zile friji za zamani, linapendeza kwa kuwa hupindika kwa mkono. Nalo kwa mtikisiko wa injini hukakamaa na kupasuka. Mpira uliotumika, wa trekta lililokufa, una umri ule ule wa huo uliopasuka. Mtu atakayekuuzia atasema bado ni mzima, na siku hiyo atakuwa anasema kweli.

KUUFUNGA NA KUTOA HEWA

Mama alirudi jioni. Asubuhi yake mzee alifunga nati kwa vidole pande zote mbili kabla ya kukaza upande wowote, akatazama ule mstari wa maandishi uliochapwa kwa urefu wa mpira. Mstari ukizunguka kama mkungu wa mzabibu, mpira umesokoteka, na mpira uliosokoteka hufa mapema au hulegeza nati wenyewe. Aliunyoosha, akakaza kwa spana mbili. Kona yake aliiacha pana. Mpira wa 3/8 haupendi kukunjwa kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 13. Palipokuwa na ule ukingo wa bati uliokula mpira wa kwanza, alipiga tupa, kisha akauvika mpira mpya ala ya kipande cha tyubu ya baiskeli. Kama asingefanya hivyo angenunua mpira wa tatu mwaka uliofuata. Akaufunga mbali na bomba la moshi, akageuza magurudumu kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, huku mtoto akitazama kama mpira unavutwa au unaguswa na kitu.

Mafuta alitia yale yaliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Matrekta hayafanani: mengine hutaka mafuta ya injini, mengine ya gia, mengine yale mekundu ya gia za otomatiki. Kitu kimoja hakifai kwa lolote kati yao, nacho ni mafuta ya breki. Huharibu sili za ndani, na usukani wote huanza kuvuja baada ya siku chache. Mafuta yaliyomwagika katika beseni hakuyarudisha.

Kutoa hewa kunataka subira. Mbele ya trekta aliinua kwa jeki, akaegemeza ekseli juu ya magogo imara, maana jeki peke yake si ya kutegemewa. Akajaza tangi, akageuza usukani taratibu toka mwisho hadi mwisho mara kumi hivi injini ikiwa imezimwa, akiongeza mafuta kila yanaposhuka. Kisha akawasha injini kwa mwendo mdogo kabisa, akarudia. Mwanzo mafuta yalikuwa na povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na pampu ililalamika. Povu ndilo hewa. Alizima, akasubiri kama robo saa povu litulie, akarudia tena. Mara ya tatu pampu ilinyamaza. Alikuwa mwangalifu asiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo nguvu yote hupitia vali ya kupunguzia na mafuta huchemka.

Vali hiyo ina neno lake. Ikikwama, nguvu hupanda bila kikomo, na mpira mpya utapasuka kama wa zamani. Kwa hiyo mpira ukipasuka mara mbili katika msimu mmoja, na haukusuguliwa na kitu, usinunue wa tatu. Mwite fundi mwenye geji apime nguvu ya pampu.

Mwisho alipitisha lile boksi kwenye fimbo, kwenye kila nati. Likatoka kavu.

Saa saba mchana trekta lilikuwa shambani kwa mjane. Jioni, injini ilipopoa, mzee alirudi na spana zake mbili akakagua nati tena, maana mpira mpya hukaa mahali pake baada ya kazi ya siku ya kwanza, na moja ilikuwa imelegea kidogo. Mpira wa kurudi, ule wenye uzi mweupe, aliukuta nao una nyufa karibu na kibano. Mama aliandika urefu wake na tundu lake katika daftari lile lile, chini ya hesabu ya nauli, tayari kwa safari ya Arusha ya mwezi wa pili.